Ndoo ngapi zinatosha? Mwongozo kamili wa kukadiria udongo wa bustani kabla hujaita kirikuu

Mvua za masika zikikaribia, watu wa Dar es Salaam hukumbuka bustani zao kwa pamoja. Nami huitwa huku na huku kutazama matuta, na mara nyingi nakuta moja kati ya mambo mawili. Ama tuta limejaa nusu na pesa imekwisha, ama limejaa vizuri lakini getini kumebaki lundo ambalo hakuna anayejua litapelekwa wapi. Wenyewe hunijibu neno lilelile: "Lakini nilipima." Ni kweli walipima, ila walipima nje ya tofali, au walichanganya futi na mita, au walisahau kwamba udongo hushuka.

Hapa tutatumia kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: ndoo kubwa ya lita 20. Dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anahesabu kwa tripu, muuza maua kwa viroba, fundi kwa toroli, na kila mmoja ana tripu yake, kiroba chake na toroli lake. Ndoo iko nyumbani kwao wote. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50.

## Vitu vya kuandaa

- Futi kamba yenye upande wa sentimita.
- Ndoo ya lita 20, na nyingine mbovu iliyotoboka chini. Usiitupe hiyo mbovu, ina kazi.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu.
- Kijiti kilichonyooka, urefu wa kama nusu mita.
- Beleshi na turubai.
- Daftari. Simu utapigia hesabu, lakini vipimo viandike kwenye karatasi. Kichwani vinapotea kabla hujafika kwa muuza udongo.

## Hatua ya 1: Ihakiki ndoo yako

Siyo kila ndoo inayoitwa ya 20 inaingiza 20. Zilizokuwa ndoo za kuuzia rangi, baadhi huzidi kidogo zikijazwa mpaka mdomoni, na za plastiki nyepesi za sokoni nyingine hupungua. Hata debe la bati la mafuta, ambalo wazee wetu walipimia kila kitu, lilikuwa la galoni nne, yaani lita 18 na kidogo.

Jaza maji kwa ile chupa, ukihesabu. Chupa 13 ni lita 19 na nusu. Ongeza theluthi moja ya chupa, umefika 20. Weka alama hapo kwa kalamu ya wino mzito au kwa kukwaruza na msumari.

Umefanikiwa kama una mstari unaoonekana ndani ya ndoo. Kuanzia sasa, "ndoo moja" ni mpaka kwenye mstari huo, siyo kilima juu ya mdomo.

## Hatua ya 2: Pima ndani ya tuta, usipime nje

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu kwa mfano mmoja utakaotufikisha mwisho.

Tuseme fundi amekujengea matuta matatu kwa tofali za inchi 6, kozi moja, yaani mstari mmoja tu wa tofali. Kwa nje kila tuta lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2. Ukizidisha unapata mita za mraba 3.6, na hiyo ndiyo namba ambayo watu wengi huondoka nayo kwenda kununua.

Lakini tofali la inchi 6 linakula sentimita 15 kila upande. Urefu wa ndani ni mita 2.7, upana wa ndani ni mita 0.9. Zidisha: mita za mraba 2.43. Karibu theluthi moja ya ulichodhani ni nafasi ya udongo ilikuwa tofali tupu. Tuta likiwa jembamba zaidi, hasara inakuwa kubwa zaidi.

Weka ncha ya futi kamba kwenye uso wa ndani wa tofali na isome kwenye uso wa ndani wa tofali la mbele yake. Pima upana mara tatu: mwanzo, kati na mwisho. Kuta za bustani hazijengwi kwa ustadi wa kuta za sebule, tofauti ya sentimita tano ni jambo la kawaida. Chukua wastani.

Tahadhari: usichanganye vipimo. Fundi akikuambia "futi nne," geuza hapohapo. Futi moja ni sentimita 30 na nusu, kwa hiyo futi nne ni kama mita 1.22. Kuzidisha urefu wa mita kwa upana wa futi kumeshatuletea malori mengi yasiyohitajika.

Umefanikiwa kama kwenye daftari una urefu wa ndani, upana wa ndani na mita za mraba kwa kila tuta, vyote kwa mita.

## Hatua ya 3: Amua kina, kisha kipime

Kuna kina unachokihitaji na kina ulichonacho. Anza na unachokihitaji.

Mchicha, figiri, chainizi na matembele wanaridhika na sentimita 20 za udongo mzuri. Karoti apewe 30, la sivyo atakua amejikunja. Nyanya, bilinganya na bamia wanataka 30 hadi 45.

Hizo ni hesabu za jumla, na kuna swali linaloweza kukupunguzia gharama nusu nzima: chini ya tuta kuna nini? Kama ni ardhi, ilime na kuilegeza sentimita 15 hadi 20 kabla ya kujaza. Mizizi itashuka humo, na wewe utanunua udongo wa sentimita 20 tu hata kwa nyanya. Kama chini ni zege au vigae, mizizi haina pa kwenda. Kina chote unakinunua.

Tahadhari kwa wenye bustani juu ya paa la zege: udongo uliolowa wa kina cha sentimita 30 unaweza kufika kilo 450 hadi 500 kwa kila mita ya mraba. Usipakie kabla ya kumuuliza mhandisi.

Sasa pima ulichonacho. Simamisha kijiti ndani ya tuta kwenye pembe nne na katikati, weka alama usawa wa tofali, pima kila mara. Jumlisha namba tano, gawanya kwa tano. Kiwanja chenye mteremko kinadanganya sana, upande mmoja 15 na mwingine 30, na mwenye haraka hupima upande aliosimama. Kisha toa sentimita tatu za juu. Hizo hazijazwi, zinazuia maji na udongo visimwagike nje unapomwagilia.

Tofali la kawaida lina kimo cha inchi 9, kama sentimita 23. Toa tatu, unabaki na 20. Ndicho kina cha mfano wetu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya ndoo

Njia ya mkato ninayoitumia mimi: mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 10 inakula ndoo 5. Iandike nyuma ya daftari.

Kina chetu ni sentimita 20, kwa hiyo kila mita ya mraba inakula ndoo 10. Tuta la mita za mraba 2.43 linakula ndoo 24.3. Matuta matatu: ndoo 73.

Aliyepimia nje angepata ndoo 108. Tofauti ya ndoo 35 ni karibu tripu nzima ya kirikuu.

Matuta yasiyo ya mstatili:

Duara. Pima kutoka kingo hadi kingo ukipita katikati, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14. Umepata mita za mraba, endelea na njia ya ndoo. Kama ni tairi moja tu, achana na hesabu. Lijaze kwa ndoo ukihesabu, maana tumbo la tairi halina fomula ya kukusaidia.

Herufi L. Likate liwe mistatili miwili kwa kamba. Angalia pembe isihesabiwe mara mbili.

Pembetatu ya kona ya ukuta. Zidisha pande mbili zinazokutana kwenye kona, gawanya kwa mbili. Hii inafaa tu kama kona yenyewe ni ya mraba, yaani nyuzi 90.

Bustani ya gunia. Gunia lililosimama lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha 80 linaingiza kama ndoo 8. Toa moja kwa ajili ya nguzo ya kokoto ya katikati inayopitisha maji, zinabaki 7.

## Hatua ya 5: Ongeza kwa ajili ya kushuka

Udongo uliotoka kuchimbwa na kupakiwa umejaa hewa. Ukiumwagilia mara mbili tatu, hewa inatoka na tuta linazama. Juu ya hapo, ukichanganya ndoo tatu za udongo na mbili za vitu vingine hupati ndoo tano kamili, chembe ndogo zinaingia kwenye nafasi za kubwa. Na samadi inaendelea kuoza ikiwa humo humo.

Kwa kawaida naongeza moja ya tano. Lakini usiniamini mimi kuliko udongo wako. Chukua ile ndoo mbovu. Ijaze mchanganyiko unaotaka kuutumia, bila kushindilia, mpaka mdomoni. Pima kimo cha udongo. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, iache ilale, asubuhi mwagilia tena, yakiisha kuchuruzika pima.

Gawanya kimo cha mwanzo kwa kimo kilichobaki. Juzi nilianza na sentimita 36 nikabaki na 30. Kugawanya kunatoa 1.2, maana yake kila ndoo 10 za hesabu ninunue 12. Ukipata 1.3, mchanganyiko wako una samadi au pumba nyingi, nunua hivyo hivyo.

Mfano wetu: 73 mara 1.2 ni ndoo 88.

## Hatua ya 6: Gawanya ndoo kwa aina

Usinunue ndoo 88 za udongo. Sehemu yake ni samadi na kitu cha kulegeza.

Mgawo ninaoanzia ni sehemu tatu za udongo, moja ya samadi iliyoiva au mboji, na moja ya pumba za mpunga au mchanga. Gawanya 88 kwa tano, unapata kama 18. Kwa hiyo udongo ndoo 53, samadi 18, pumba 18. Ndoo moja imezidi, haina neno.

Mgawo huu unabadilika kulingana na udongo wenyewe. Lowesha konzi moja, uviringishe viganjani kama unavyoviringisha chapati kabla ya kusukuma, kisha uvute uwe kamba nyembamba. Ukikataa hata kuwa kamba, ni wa kichanga: acha mchanga kabisa, sehemu hiyo iwe samadi au mboji. Ukiwa kamba unayoweza kuikunja ikawa pete bila kukatika, ni mfinyanzi: pumba ziongezwe. Ukikatika katikati ya kukunja, mgawo wa hapo juu unafaa.

Udongo mweusi unawavutia wengi. Weusi pekee siyo rutuba. Udongo wa mbugani ni mweusi ti, na ni mfinyanzi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Uviringishe kwanza.

Tahadhari tatu za haraka. Samadi ya kuku ni kali, tumia nusu ya kipimo na iwe imeiva. Samadi ambayo bado ina joto ndani au harufu ya kuchoma pua haijaiva, itaunguza miche. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse.

## Hatua ya 7: Geuza ndoo kuwa tripu au viroba

Muuzaji hauzi ndoo, kwa hiyo unamtafsiria.

Kirikuu. Pima bodi kwa ndani. Ya kawaida ina urefu kama mita 1.94, upana 1.41 na kingo za sentimita 29. Zidisha zote tatu, ni mita za ujazo 0.79, yaani ndoo 39 ikijaa usawa wa kingo. Ila jua hili: gari hilo limetengenezwa kubeba kilo 350, na ndoo 39 za udongo mkavu zinakaribia tani moja. Dereva anayejali gari lake hajazi mpaka juu, na ana haki. Muulize kabla: "Tripu yako ni usawa wa kingo au chini yake?" Hilo ni swali muhimu kuliko bei.

Canter. Bodi zake zinatofautiana sana, usikubali kukisia. Pima.

Viroba. Mfuko uliokuwa wa saruji ya kilo 50 una nafasi ya kama lita 35. Ukijazwa udongo na kufungwa mdomo, hesabu lita 30, yaani ndoo moja na nusu. Kosa kubwa hapa ni kusikia "kiroba cha hamsini" ukadhani ni lita 50. Hiyo hamsini ni kilo za saruji, haihusiani na udongo wako.

Mchanga una ujanja wake. Ukiwa na unyevu kidogo hufura, na unaweza kuchukua nafasi ya robo zaidi ya mchanga mkavu. Ukiununua na umande wake, hesabu kwamba ukikauka utapungua.

Kwenye mfano wetu tunahitaji udongo ndoo 53. Tripu moja ya kirikuu iliyojaa usawa wa kingo inatoa 39. Zinabaki 14, ambazo ni viroba 10. Hakuna haja ya tripu ya pili.

Kulinganisha bei ni kugawanya tu. Tuseme tripu ni shilingi 60,000 na kiroba ni 3,000. Tripu inatoa ndoo kwa kama shilingi 1,540, kiroba kinatoa ndoo kwa 2,000. Viroba ni ghali kwa ndoo, lakini kwa ndoo 14 za mwisho bado vinashinda kununua tripu nzima.

## Hatua ya 8: Pokea mzigo getini

Usilipe kwa simu ukiwa kazini. Mzigo unapimwa ukiwa bado juu ya gari, na unapimwa kwako, siyo kule ulikopakiwa, kwa sababu barabara zetu zinaushindilia njia nzima.

Mara ya mwisho dereva aliniambia, "Mama, hii imejaa kabisa, tazama kilima hicho." Kilima kilikuwepo kweli, katikati. Nikapanda na kijiti nikakichomeka kwenye pembe nne, nikakuta udongo uko kiganja kimoja chini ya kingo. Kilima kilikuwa kimetengenezwa kwa beleshi. Hatukugombana. Nilimsomea kina cha wastani, tukapiga hesabu pamoja kwenye simu yake, akakubali kupunguza bei.

Kama umechelewa na udongo umeshamwagwa, bado unapimika. Lundo lina umbo la pia ya kuchezea iliyopinduliwa, chini pana na juu ncha. Pima upana wake chini, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa kimo, kisha kwa 3.14, halafu gawanya kwa tatu. Lundo la upana wa mita 2.4 na kimo cha sentimita 80 ni mita za ujazo 1.2, ndoo 60.

Kabla hajaondoka, chimba katikati ya lundo kwa beleshi. Juu kila udongo ni mzuri. Tazama vipande vya zege, mawe na plastiki: kila ndoo ya kifusi utakayochambua ni ndoo ya udongo uliyolipia hukuipata. Tazama pia vijiviazi vyeusi vidogo vyenye mizizi kama nyuzi. Hizo ni ndago, na zikiingia kwenye tuta utazing'oa mpaka uchoke. Hapo mimi hurudisha mzigo bila aibu.

Mwaga juu ya turubai, ndani ya geti, na funika. Mwaka mmoja niliacha lundo nje usiku mmoja tu. Mvua ikanyesha, na asubuhi theluthi yake ilikuwa kwenye mtaro wa jirani. Nilishinda siku nzima nikizibua mtaro badala ya kupanda.

## Hatua ya 9: Jaza, mwagilia, subiri

Changanya juu ya turubai kwa mafungu ya ndoo tano: tatu, moja, moja. Ukitupa vyote kwenye tuta ukitegemea kuchanganyia humo, chini kutabaki udongo mtupu.

Jaza kwa matabaka ya sentimita 10. Mwagilia kila tabaka mpaka lilowe, kisha weka lingine. Usikanyage. Maji yanashusha udongo bila kuubana, mguu unaubana mpaka mizizi ishindwe kupita.

Jaza mpaka usawa wa tofali, siyo sentimita tatu chini yake, kwa sababu bado utashuka. Uache wiki mbili hadi tatu ukimwagilia kila baada ya siku mbili. Magugu yatakayoota ng'oa, ndiyo nafasi nzuri ya kuyamaliza kabla ya kupanda.

Umefanikiwa kama baada ya wiki tatu udongo uko sentimita mbili hadi nne chini ya kingo, kidole kinazama mpaka kifundo cha pili bila kulazimisha, na ndoo ya maji ikimwagwa inanywewa bila kutuama. Ukiwa umeshuka zaidi ya sentimita tano, rudisha udongo juu kabla ya kupanda miche, siyo baada, kwa sababu kufukia mashina ya mchicha au figiri kunaozesha.

Ukibakiwa na ndoo mbili tatu za mchanganyiko, zitie kwenye viroba, funga mdomo, viweke chini ya upenu mahali mvua haifiki. Ukivuna mchicha kwa kung'oa, kila mzizi unaondoka na udongo wake, na ukifika mkupuo wa pili utavifungua hivyo viroba.